Mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza, 1984–1985: maswali tunayoulizwa hapa Tanga

Kila tunapokaa jioni Ngamiani kuzungumza habari za kazi na historia yake, mgomo huu unazuka tena. Wanaouliza ni makuli wa bandarini, vijana wa machimbo ya mawe ya chokaa ya Pongwe, na kina mama waliokulia kambi za mkonge. Maswali yanafanana, na majibu ya barazani hukatizwa kabla hayajafika mwisho, kwa hiyo nimeyaandika hapa. Nimekaa zaidi kwenye jambo ambalo naona watu hawasimuliwi vya kutosha: nani aliwalisha wagomaji kwa mwaka mzima.

Sisi na makaa ya mawe ya Uingereza wapi na wapi?

Ni karibu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai Kikogwe, upande wa Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo mkoa mzima ukavaa mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha karibu tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge, zikanyamaza. Aliyeishi Ngomeni, Kigombe au Korogwe wakati ule hahitaji kuelezwa maana ya mwajiri mmoja kuondoka mahali ambapo nyumba ni yake, maji ni yake na zahanati ni yake.

Vijiji vya wachimbaji vya Yorkshire, Wales Kusini, Scotland, Durham na Kent viliishi hivyo hivyo. Mgodi ukifungwa, duka, baa, klabu na hata kanisa huanza kuhesabu siku. Wao waliambiwa mapema kwamba zamu yao imefika, wakakataa.

Isitoshe, kugoma si jambo geni huku kwetu. Makuli wa Tanga waligoma mwaka 1939, mwaka ule ule walipogoma wenzao wa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli Tanganyika waligoma siku 82. Babu zetu wangeuelewa mgomo wa Yorkshire bila mkalimani.

Ulianzaje?

Tarehe 1 Machi 1984 wachimbaji wa Cortonwood, Yorkshire ya Kusini, waliambiwa mgodi wao utafungwa. Baadhi yao walikuwa wamehamishiwa hapo juzijuzi kutoka mgodi mwingine, wakaahidiwa kwamba Cortonwood una uhai wa miaka mitano. Tarehe 6 Machi Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la umma lililomiliki migodi, ikatangaza mpango wa kufunga migodi 20 na kupunguza kazi 20,000. Yorkshire na Scotland wakatoka. Tarehe 12 Machi Arthur Scargill, rais wa chama cha wachimbaji, NUM, akatangaza kwamba mgomo ni wa nchi nzima.

Wachimbaji walikuwa kama 187,000. Mgomo ulipopamba moto, waliokuwa nje ya kazi walifika kama 142,000.

Ni kweli serikali ilikuwa imejiandaa miaka kabla?

Ndiyo, na hili ni muhimu kulielewa kabla ya kuwalaumu wagomaji kwa lolote.

Mwaka 1972 na 1974 wachimbaji waliigomea serikali ya Edward Heath, taa zikazimika, viwanda vikafanya kazi siku tatu kwa wiki. Heath akaitisha uchaguzi akiwauliza wananchi nani anatawala nchi. Akashindwa. Chama chake hakikusahau. Mwaka 1978 gazeti la The Economist lilifichua mapendekezo yaliyoandaliwa chini ya mbunge Nicholas Ridley: limbikiza makaa kwenye vituo vya umeme, andaa mengine kutoka nje, tafuta madereva wa malori wasio wanachama wa vyama, weka mitambo inayoweza kuchoma mafuta, kata fedha zinazokwenda kwa wagomaji, andaa polisi wa kuhamahama. Mwaka 1981 serikali ya chama hicho hicho, chini ya Margaret Thatcher, ilitaka kufunga migodi, ikaona ghala halijajaa, ikarudi nyuma. Mwaka 1984 ghala lilijaa. Tena Bodi ilikuwa imepewa mwenyekiti mpya, Ian MacGregor, aliyekuwa amekwisha kupunguza maelfu ya kazi kwenye shirika la chuma. Na mgomo ulianza Machi, majira ya baridi yakimalizika na mahitaji ya makaa yakishuka.

Lakini si ilikuwa migodi 20 tu?

Ndivyo ilivyosemwa hadharani. Scargill alisema wanakusudia kufunga zaidi ya 70, akaitwa mwongo. Nyaraka za baraza la mawaziri zilizofunguliwa Januari 2014 zinaonyesha kwamba Septemba 1983 MacGregor alikuwa amependekeza kufunga migodi 75 katika miaka mitatu. Miaka thelathini watu walisubiri kusomewa ukweli huo.

Chama kiliwalipa wagomaji kiasi gani?

Hakikuwalipa posho ya mgomo. Waliokwenda kusimama kwenye malango ya migodi mingine kuwashawishi wenzao wasiingie kazini walipata fedha kidogo za petroli na chakula, basi.

Hapo pakaingia sheria ya mwaka 1980. Serikali iliamua kuhesabu kwamba kila mgomaji analipwa na chama chake, awe analipwa au halipwi, na ikakata kiasi hicho kwenye msaada wa serikali uliokuwa haki ya mke na watoto wake. Mwanzoni ilikata paundi 15 kwa wiki, baadaye 16. Mgomaji asiye na mke wala mtoto hakupata kitu. Fikiria mama mwenye watoto watatu anakatwa fedha ambazo hakuna aliyewahi kumpa. Sheria haikulenga mgodi wala chama, ililenga sufuria. Aliyeiandika alijua kwamba mwanamume mwenye njaa anaweza kuvumilia, lakini mwanamume anayemtazama mtoto wake mwenye njaa hurudi kazini. Kwangu mimi hili ndilo lililo baya kuliko yote yaliyofanywa mwaka ule, kuliko hata virungu vya polisi.

Basi waliishije miezi kumi na miwili?

Walipikiwa, na waliopika zaidi ni wanawake.

Ndani ya wiki chache majiko ya pamoja yalifunguliwa katika majumba ya starehe ya wachimbaji, kumbi za makanisa na vilabu vya vijiji. Kuna yaliyopika mamia ya sahani kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa chakula kilichoombwa, kilichochangwa au kilichonunuliwa kwa sarafu za kwenye ndoo. Pamoja na mlo wa mchana kulikuwa na kifurushi cha wiki cha kupeleka nyumbani: viazi, mkate, vyakula vya kopo, chochote kilichopatikana. Walikuwepo waliotafuta vyakula, waliokata mboga, waliopanga zamu, waliosimamia hesabu, waliogawa nguo na viatu vya watoto wa shule.

Mama yeyote wa Tanga aliyewahi kusimamia mapishi ya matanga au ya arusi ya mtaa mzima anajua kazi hii ikoje. Lazima ujue nani ana mtoto wa maziwa, nani ana kisukari, nani ataona haya kuja na bakuli lake na inabidi apelekewe kimyakimya baada ya magharibi. Sasa iendeshe kazi hiyo si siku tatu bali mwaka, huku mume hana mshahara, mwenye nyumba anadai na kampuni ya umeme imetishia kukata.

Kutoka jikoni wakaenda mbali. Tarehe 12 Mei 1984 wanawake kama 10,000 walikusanyika Barnsley. Tarehe 11 Agosti wakaandamana London. Wakaunda umoja wa nchi nzima, Wanawake Dhidi ya Ufungaji wa Migodi. Waliokuwa hawajawahi kushika kipaza sauti wakasafiri kuhutubia vyama vya wafanyakazi katika miji wasiyoijua, wakarudi na hundi. Wakasimama malangoni alfajiri, wakakamatwa, wakaachiwa, wakawahi kumenya viazi. Wapo wanaume ambao mwanzoni hawakupenda. Walipoona chakula mezani, wengi walinyamaza, na wapo waliojifunza kupika.

Ninawaomba ndugu zangu wa vyama vya wafanyakazi waisome sehemu hii mara mbili. Tumezoea kuwaita kina mama siku ya sherehe ya Mei Mosi ili wapike pilau. Kule walikuwa nusu ya mgomo.

Fedha na vyakula vilitoka wapi, ikiwa kijiji kizima hakina kazi?

Vilitoka kila upande. Vyama vingine vya wafanyakazi vilikata mchango kwenye mishahara ya wanachama wao kila wiki. Kwenye mitaa ya London, Manchester na Glasgow watu walisimama na ndoo wakiomba sarafu, vifuani wamebandika karatasi ya njano iliyodai makaa badala ya posho ya kukosa kazi. Wachimbaji wa Umoja wa Kisovyeti walichanga. Shirikisho la wafanyakazi la Ufaransa, CGT, lilipeleka malori ya vyakula, na Krismasi ilipokaribia likapeleka vitu vya kuchezea watoto.

Jambo lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa undugu wa moja kwa moja kati ya kundi moja na kijiji kimoja. Kiwanda fulani kinakichukua kijiji fulani, kinajua majina ya watoto, kinapeleka gari kila Jumamosi. Mfano unaojulikana sana ni wa mashoga na wasagaji wa London, kundi lililoanzishwa Julai 1984 na Mark Ashton na wenzake, waliochangia bonde la Dulais huko Wales Kusini. Pande zote mbili zilikuwa hazijuani na zilitazamana kwa wasiwasi. Waliamua kukutana uso kwa uso, wakakaa pamoja katika ukumbi wa wachimbaji, na bonde likapata basi dogo la kubebea vyakula. Mwaka 1985, mgomo ukiwa umekwisha, wachimbaji walisafiri hadi London kutembea mbele ya maandamano ya wale waliowasaidia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Waliotoa hapo hawakuwa matajiri, wala hawakuwa wakipendwa na wengi.

Undugu huo ulikuwa na faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Mwezi Oktoba 1984 mahakama iliitoza NUM faini ya paundi 200,000 kwa kudharau amri yake, kisha ikakamata mali za chama. Akaunti zikafungwa. Lakini hakimu hawezi kukamata gunia la viazi lililotoka kwa watu wa kiwanda kimoja likaingia kwenye jiko la kijiji kimoja. Chama kilifungwa mikono, majiko yakaendelea kuwaka.

Makuli na watu wa reli walisimama nao?

Wako waliosimama. Makuli waligoma mara mbili kiangazi kile, Julai na tena mwishoni mwa Agosti, kwa malalamiko yao wenyewe yaliyohusu nani ana haki ya kushusha shehena bandarini, na kwa siku chache serikali ilitetemeka. Lakini walirudi. Mabaharia na wafanyakazi wa reli wengi walikataa kubeba makaa. Watu wa reli wa Coalville, mji ulio katikati ya eneo ambalo wachimbaji wengi walikuwa wakiendelea na kazi, walikataa kuyasafirisha wakijua watabanwa na mabosi wao. Wachapaji wa gazeti la The Sun, Mei 1984, waligoma kuchapa ukurasa wa kwanza uliokusudia kumfananisha Scargill na Hitler.

Wasimamizi wa usalama migodini, waliokuwa na chama chao cha NACODS, walipiga kura Septemba na zaidi ya asilimia 80 wakataka kugoma. Wangetoka, kisheria hakuna mgodi ambao ungefanya kazi hata wa Nottinghamshire, ambako wengi walikuwa wakiendelea na kazi. Oktoba viongozi wao wakapatana na Bodi. Naamini mgomo ulipotea siku ile, ijapokuwa watu walivumilia miezi minne zaidi.

Kwa nini Nottinghamshire waliendelea na kazi?

Migodi yao ilikuwa na matabaka manene ya makaa, na tangu mwisho wa miaka ya 1970 malipo ya ziada yalikuwa yakihesabiwa kwa eneo, kwa hiyo walipata zaidi na waliambiwa wako salama. Walipiga kura yao wenyewe, wengi wakakataa kugoma. Kulikuwa pia na kidonda cha zamani: katika mgomo wa 1926 wachimbaji wa huko walijitenga chini ya George Spencer. Mwaka 1985 wakajitenga tena, wakaunda chama chao.

Usalama walioahidiwa haukuwepo. Migodi ya Nottinghamshire nayo ilifungwa yote.

Ilikuwaje kura ya nchi nzima isipigwe?

Viongozi walitumia kanuni iliyoruhusu kila eneo kutoka kwa uamuzi wake, na hoja yao ilikuwa kwamba mtu ambaye mgodi wake haufungwi hana haki ya kupiga kura ya kumwondoa mwenzake kazini. Ni hoja yenye uzito. Hata hivyo nadhani ilikuwa kosa kubwa. Wengi waliokuwa nje wangepiga kura ya kugoma, na kukosekana kwa kura kukawapa magazeti, mahakama na Nottinghamshire silaha waliyoitumia hadi siku ya mwisho. Nawaambia vijana wa hapa: hata kama una hakika na jibu, waulize watu wako kwa karatasi.

Tunasikia sana habari za Orgreave. Palitokea nini?

Tarehe 18 Juni 1984 maelfu ya wagomaji walikwenda kwenye kiwanda cha Orgreave, karibu na Sheffield, kuzuia malori ya makaa yaliyookwa ya viwanda vya chuma. Walikuta maelfu ya polisi, wa ngao, wa mbwa na wa farasi. Farasi wakaachiwa kuingia katikati ya watu waliovaa fulana na viatu vya mazoezi. Watu 95 wakashtakiwa, baadhi kwa makosa ambayo kifungo chake kingeweza kuwa cha maisha. Mwaka 1985 kesi zikaporomoka mahakamani kwa sababu ushahidi wa polisi haukusimama. Mwaka 1991 polisi wa Yorkshire ya Kusini walilipa fidia ya paundi 425,000 kwa watu 39 bila kukiri kosa. Julai 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza uchunguzi rasmi. Vijana wa siku ile sasa ni wazee, na wako waliokufa wakisubiri.

Katika mgomo wote watu zaidi ya 11,000 walikamatwa.

Kuna waliopoteza maisha?

Ndiyo. David Jones alikufa Ollerton mwezi Machi 1984, Joe Green akagongwa na lori Ferrybridge mwezi Juni, wote wakiwa kwenye mstari wa mgomo. Novemba vijana wawili ndugu walifukiwa Goldthorpe wakichimbua mabaki ya makaa ya kuwasha moto nyumbani. Watoto wa wachimbaji, wamekufa wakitafuta makaa.

Upande wa pili pia alikuwepo aliyekufa. Tarehe 30 Novemba 1984, Wales Kusini, dereva wa teksi David Wilkie alikuwa akimpeleka kazini mchimbaji aliyeacha mgomo. Wagomaji wawili wakaangusha tofali la zege kutoka darajani, akafa. Alikuwa mtu wa kazi kama wao. Nalitaja kwa sababu anayeupenda mgomo huu hana ruhusa ya kuliruka.

Ulimalizikaje?

Novemba Bodi iliahidi malipo ya Krismasi kwa atakayerudi, na baadhi wakaanza kurudi. Umeme haukukatika. Baada ya Mwaka Mpya idadi ya wagomaji ilizidi kupungua, hasa pale ambapo familia zilikuwa zimezama kwenye madeni. Tarehe 3 Machi 1985 wajumbe wa chama walipiga kura 98 kwa 91 kurudi kazini bila makubaliano yoyote. Jumanne ya tarehe 5 wakarudi wakitembea pamoja, bendera za chama mbele, tarumbeta zikipigwa. Katika mgodi wa Maerdy, bonde la Rhondda, ambako hakuna hata mmoja aliyevunja mgomo, kijiji kizima kiliwasindikiza hadi langoni. Wenzao wa Kent walikaa nje siku kadhaa zaidi kwa ajili ya waliofukuzwa, ambao nchi nzima walikuwa kama elfu moja.

Kama walishindwa, ule msaada wote si ulikuwa bure?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa sauti ya huruma, na silikubali.

Walitaka migodi isifungwe, na migodi ilifungwa. Mwaka 1992 serikali ilitangaza kufunga 31 kati ya 50 iliyobaki. Mwaka 1994 iliyosalia ikauzwa kwa watu binafsi. Kellingley, mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi wa kina, ulifungwa Desemba 2015. Kwa kipimo cha chama, walishindwa vibaya, na umaskini ulioingia kwenye vijiji vile haujatoka hadi leo.

Lakini majiko hayakufunguliwa ili kuishinda serikali. Yalifunguliwa ili watoto wale. Walikula. Ilikusudiwa kwamba njaa iwarudishe wanaume kazini kabla ya kiangazi kwisha, na haikufanya hivyo. Wengi walikaa nje miezi mingi kuliko alivyotarajia yeyote serikalini. Wanawake waliojifunza kusimamia hesabu, kuhutubia na kubishana na halmashauri hawakurudi wote walikotoka. Wako waliokwenda vyuoni, walioingia kwenye mabaraza ya miji. Scotland ilipitisha mwaka 2022 sheria ya kuwasamehe wagomaji waliotiwa hatiani, na sheria ile ilisukumwa na watu wale wale ambao hawakukubali kunyamaza.

Kulikuwa na wachimbaji weusi?

Walikuwepo, wengi wakiwa wamehamia kutoka visiwa vya Karibi. Gedling, huko Nottinghamshire, ndiko walikojulikana zaidi. Chini ya ardhi kila mtu hutoka na vumbi lile lile usoni, walisema wazee wa pale, lakini juu walibaguliwa.

Makaa yanachafua hewa. Hivi si afadhali yalifungwa?

Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na ni jambo la heri kwa hewa tunayovuta sote. Ila migodi ile haikufungwa kwa ajili ya hewa. Baada ya mgomo nchi hiyo iliendelea kuchoma makaa kwa miongo, tena ya kununua ng'ambo. Kazi inaweza kumalizika kwa mpango, watu wakapewa kazi nyingine, mafunzo na muda. Hawakupewa. Wazee wa mkonge hapa nao hawakupewa.

Tanzania mgomo unaruhusiwa?

Unaruhusiwa, kwa masharti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mambo haya kwa ufupi: mgogoro uwe wa maslahi, kwa mfano kudai nyongeza ya mshahara. Kama ni wa haki ambayo tayari iko kwenye sheria au mkataba, kama vile mshahara uliocheleweshwa au kufukuzwa isivyo halali, huo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa maslahi nao huanzia CMA, na usuluhishi hupewa siku 30. Ukishindikana, wanachama wanapiga kura kwa mujibu wa katiba ya chama chao, na mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Huduma muhimu kama maji, umeme, hospitali na zimamoto zina utaratibu wao.

Mgomo ukiwa halali, mwajiri hawezi kukufukuza kwa kugoma, na haruhusiwi kuleta wafanyakazi wa kuziba nafasi yako. Halazimiki kukulipa mshahara wa siku ulizogoma. Na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: sheria yetu inakataza kusimama langoni kuwazuia wengine, au kumfungia mwajiri ndani. Yale waliyofanya wachimbaji wa Yorkshire malangoni, hapa yangeharibu kesi yako siku ya kwanza. Kabla ya hatua yoyote, kaa na chama chako. Kwenye migodi vipo TAMICO na NUMET.

Sisi wachimbaji wadogo wa Handeni na Kilindi tumgomee nani?

Swali zuri, na halina jibu rahisi. Unayelipwa kwa mgao wa mawe na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, mara nyingi huna mkataba wa maandishi, na bila kuthibitisha ajira sheria ya mgomo haikusaidii. Anzeni na kuandikishana: nani anafanya kazi duara gani, kwa mgao gani, tangu lini. Kisha mfuko wa maafa, maana kifusi hakisubiri katiba. Vikundi vinavyozika watu wao na kuwalea wajane vimekwisha kuwa chama, hata kama havijasajiliwa.

Mimi si mfanyakazi wa mgodi wala kiwanda. Wenzangu mtaani wakigoma, nifanye nini?

Usiende langoni. Nenda nyumbani kwao.

Orodhesheni kaya zote na mahitaji yake: watoto wachanga, wagonjwa wa dawa za kila siku, wanaodaiwa kodi mwezi huu. Zungumzeni na mwenye duka mapema, kabla deni halijawa ugomvi, na mwenye nyumba pia. Wengi watakubali kusubiri wakiombwa kwa heshima na watu watatu kuliko wakiombwa na mdaiwa peke yake. Wekeni waweka hazina wawili, daftari moja, lisomwe mbele ya watu kila wiki, kwa sababu mchango ukianza kunong'onwa umekwisha. Kama mna kikoba au upatu, kubalianeni mapema ni nani atarukwa zamu bila kutozwa faini. Anayeweza kilo ya unga alete unga, anayeweza kulea watoto wa wengine mchana alee.

Na mgomo ukimalizika msivunje jiko siku ile ile. Daima wapo waliofukuzwa ambao wenzao wamerudi kazini, na mwezi wao wa kwanza ndio mgumu kuliko yote.